Dalili Zikipotea, Usishangilie Bado

Kwa miaka niliyofanya uuguzi kwenye kliniki ya magonjwa ya zinaa, mwanaume mwenye kisonono hajawahi kunisumbua. Siku chache baada ya kujamiiana, kwa kawaida ndani ya wiki, mkojo unamchoma na usaha wa njano unachafua nguo ya ndani. Anakuja mwenyewe, tena mbio. Kazi iko kwa mwenza wake, asiyehisi chochote.

Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili. Kumbe bakteria wanapanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, na baadaye mimba inatunga nje ya kizazi au haitungi kabisa. Kwa hiyo ukiniambia "yeye ndiye mgonjwa, mimi niko salama," nitakuomba ukae tuzungumze.

Kaswende ndiyo inayodanganya kuliko zote. Huanza na kidonda kisichouma, chenye kingo ngumu, wastani wa wiki 3 baada ya kuambukizwa. Kinaweza kujificha ndani ya uke, kwenye njia ya haja kubwa au mdomoni. Kisha kinapona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6, uwe umemeza dawa au hukumeza. Nimeshawasikia wengi wakiyasifia mafuta waliyopaka! Ugonjwa bado umo, na baadaye huweza kutoka vipele ambavyo kwa kawaida haviwashi, hata viganjani na kwenye nyayo. Ndiyo maana mgonjwa wa vipele lazima nimwambie afungue viganja nivitazame. Ukiachwa, huweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kushambulia moyo au ubongo, na mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni.

Tiba yake ni sindano ya penisilini: moja kama ugonjwa bado ni mchanga, tatu, moja kila wiki kwa wiki tatu, kama umekaa muda mrefu. Usiku ule wa sindano unaweza kupata homa na kutetemeka. Mara nyingi hiyo si mzio, ni mwili unavyopokea kufa kwa bakteria, na kwa kawaida hupita ndani ya saa 24. Ila ukivimba uso au ukishindwa kupumua, rudi hospitali mara moja.

Malengelenge madogo yanayouma, yakapasuka, yakapona na kurudi tena, huenda ni hapesi. Dawa ya asikloviri hupunguza makali, haiimalizi.

Si kila uchafu ukeni ni ugonjwa wa zinaa. Ute mzito kama maziwa mgando unaowasha mara nyingi ni fangasi tu. Wa kijani au njano wenye povu huenda ni trikomona, na hiyo hutibiwa kwa metronidazo, wewe na mwenza. Macho hukosea, hata yangu, kwa hiyo kipimo kikiwepo pima, na virusi vya ukimwi visiachwe.

Tafadhali usimeze sipro (vidonge vya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria) iliyobaki kabatini. Zamani ilitibu kisonono, leo sehemu nyingi bakteria wameizoea, na siku hizi hutumika sindano ya seftriaksoni. Usishangae ukiongezewa doksisaiklini, kidonge mara mbili kwa siku kwa siku 7: klamidia hupenda kuambatana na kisonono. Mjamzito aseme mapema, maana yeye hupewa dawa nyingine. Na dozi imalizwe hata kama siku ya pili hakuna kinachouma.

Kumwambia mwenza ndiko kugumu. Nawashauri maneno machache: "Nimepimwa, nimekutwa na ugonjwa unaotibika, na wewe unatakiwa kupata dawa." Swali la nani kaleta liwekeni kando, kwa sababu klamidia inaweza kukaa miezi bila dalili na kipimo hakisemi iliingia lini. Nyote mkishatibiwa, subirini siku 7 bila kujamiiana, la sivyo mtarudishiana. Baada ya miezi 3 pimeni tena.

Hali mbili hazingoji kesho: korodani inayouma na kuvimba, na maumivu ya chini ya tumbo yenye homa kwa mwanamke. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.