Mkuu, achana kabisa na hiyo orodha ya imeili

Umeniuliza kuhusu webina yako, yaani semina ya mtandaoni. Mambo ya uanze saa ngapi, uweke kiingilio au iwe bure na utumie programu gani tutayafikia. Nimekwama hapo mwisho uliposema kuna jamaa anakuuzia imeili 20,000 za "wafanyabiashara waliochujwa" ili ujaze webina yako ndani ya wiki mbili. USILIPE. Kama ushalipa, dai hela yako leo leo.

Mimi niliuziwa mzigo huo huo na kwa neno hilo hilo, "waliochujwa". Wamechujwa na nani hakusema, na mimi sikuuliza maana kichwani nilishaanza kuhofia watu watazidi. Jamaa alifungua faili la Excel, majina, vyeo, kampuni, anashusha na kidole tu orodha haiishi, akaniambia "hata ikija asilimia moja tu umejaza". Hiyo hesabu ya asilimia moja imeliza wengi aisee. Asilimia moja ya watu wasiokujua ni sifuri.

Na usidhani hasara ni watu kutokuja, hiyo ndo nafuu yenyewe. Hasara iko kwenye domeini yako, lile jina linalokaa baada ya @ kwenye imeili zako. Anwani nyingi kwenye faili za hivyo zishakufa, watu walishahama kazi, kwa hiyo imeili zinarudi kwa fujo. Nyingine ni mitego, hazina mtu, zipo tu kuwanasa wanaotuma bila ruhusa. Na walio hai wanakuripoti kama taka bila hata kusoma umesema nini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, ukiwa unatuma kwa wingi, na kwa Gmail wingi ni kuanzia imeili 5,000 kwa siku, domeini iwe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya kuthibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli), mtu aweze kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na ripoti za taka zisifike asilimia 0.3. Yaani watu 3 kwenye kila 1,000 wakikuripoti tu ushaingia kwenye kumi na nane za watu.

Sasa mimi nilituma zote kwa mkupuo, tena kwa domeini ile ile ya invoisi. Haikuchukua muda mteja wa miaka ananipigia "mbona hujaniletea invoisi", nambishia nimetuma, kumbe imelala kwenye barua taka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kulikuwa na watu waliojiandikisha wenyewe, wachache lakini wa kweli, na linki yao ya kuingilia ikaenda huko huko takani. Siku yenyewe nimevaa koti, taa imenipiga usoni, slaidi ya kwanza imeandikwa "Karibuni nyote", washiriki: mimi, msaidizi wangu, na mimi tena kwenye simu nikihakiki sauti. Walau wote tuliwasha kamera.

Kumpigia muuzaji, eti kichwa cha habari hakikuvutia, nibadilishe rangi ya kitufe, halafu ana orodha nyingine "moto zaidi". Mtu huyo anajiita mtaalamu wa ukuaji wa biashara, wakati kilichokua pale ni akaunti yake tu!!

Kwa hiyo sikia: asiyejiandikisha mwenyewe usimtumie, hata awe mmoja. Na kama kwenye hilo faili kuna watu wa Ulaya ndo kabisa, huko GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi za watu, inafanya kazi tangu 2018. Chukua simu upige kwa wateja uliowahi kuwahudumia, mmoja mmoja, uliza nini kinawasumbua sa hivi, mada itoke humo, siyo hizi "siri za mafanikio" ambazo zishajaa kila kona. Mtu akikwambia anashindwa kumdai mteja sugu bila kumpoteza, hiyo ndo mada, na umwombe akuletee mwenzake mwenye shida kama yake. Ukipata mtu mwenye wafuasi wake, awaalike yeye kwa jina lake, asikupe majina yao. Na wanaokwambia utumie brodikasti ya WhatsApp, ile inamfikia tu aliyesevu namba yako, kwa hiyo hata humo sheria ni hiyo hiyo upende usipende.

Wakishajiandikisha usiwaache hewani, wakumbushe siku moja kabla na saa moja kabla, linki iwe humo humo kwenye ujumbe, maana hakuna anayerudi kutafuta imeili ya wiki iliyopita. Na bado wengine hawatatokea, ndo webina zilivyo.

Halafu hukusema, hiyo domeini unayotaka kutumia ndo hiyo hiyo ya imeili za ofisi? Nijibu hilo kwanza kabla hujagusa chochote.