Skrubu za mgongo: roboti au mkono wa daktari?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama ana miaka 61, pingili ya kiuno imeteleza mbele inabana mishipa ya fahamu, akisimama kusonga ugali tu mguu unakufa ganzi. Tumeulizia India, hospitali moja itamfunga skrubu nne kwa roboti, nyingine kwa mkono na bei iko chini. Ndugu wanasema roboti haikosei, mjomba anauliza umeme ukikatika je? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mpe mama pole. Hiyo picha ya roboti kashika kisu itoeni kichwani. Ni mkono wa chuma kando ya kitanda, daktari anapanga kwenye picha za sitiskani skrubu ipite wapi, halafu ule mkono unakuja kusimama juu ya mgongo na kijibomba, na daktari mwenyewe ndo anapitisha drili humo. Umeme ukisumbua anamalizia kwa mkono, mjomba asihofu.

Faida yake ni kulenga. Skrubu ya kiunoni ina unene wa kama milimita 6 na nusu, inapita kwenye kishingo cha mfupa ambacho jirani yake ni mshipa wa fahamu, sasa ukitoka nje unaweza kuuharibu. Kwa mgongo uliopinda au uliowahi kupasuliwa roboti inasaidia kweli, na eksirei inayompiga daktari inapungua.

Ila eti haikosei? Ujerumani walilinganisha kwa wagonjwa 60, matokeo yakatoka 2012: za mkono zilizokaa vizuri 93%, za roboti 85%! Kijibomba kikiteleza kwenye mteremko wa mfupa mashine haina habari. Zile zilikuwa roboti za SpineAssist za Israeli, za mwanzo, za siku hizi zimeboreshwa na tafiti nyingi za baadaye zinaipa roboti ushindi kwenye kulenga, lakini ukija kwenye maumivu na kutembea baada ya mwaka tofauti huioni sana, maana kinachomtesa mama ni mshipa uliobanwa na kuufungua ni kazi ya mikono ya daktari kotekote.

Mi ningeuliza hivi: huyo daktari amefanya wangapi kama mama, na drili atashika yeye au mwanafunzi wake? Na mama apimwe uimara wa mifupa kabla hamjakata tiketi, mfupa ukishakuwa kama biskuti skrubu inalegea hata iwekwe na nani.