Muulize Fundi: Runinga isiyomsikia mwenye rimoti

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kihonda, Morogoro. Miaka mitatu iliyopita nilinunua runinga ya inchi 43, boksi limeandikwa Android na 4K. Mwanzoni ilikuwa sawa. Siku hizi nikibonyeza YouTube naenda kugeuza chapati, nikirudi kiduara bado kinazunguka. Nikiongeza sauti haiongezeki, nabonyeza tena na tena, mara inaruka yote kwa pamoja hadi jirani anagonga ukuta. Mume wangu anasema tatizo ni bando. Mdogo wangu anasema niiuze nichukue inchi 55, eti kubwa ndizo zenye kasi. Nimedunduliza laki tisa. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba mama. Kabla hujavunja kibubu, tumsikilize kwanza baba watoto. Leo jioni zima ruta, kisha zunguka na rimoti kwenye menyu tu: mipangilio, sauti, picha. Menyu imo ndani ya runinga yenyewe, haiji na intaneti. Ikiwa bado inajikokota, bando halina kosa. Ikiwa menyu ni nyepesi na tabu inaanza video inapocheza, basi mzee kashinda, na dawa ni kuisogeza ruta au kuongeza kifurushi. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD kamili inahitaji kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, na saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3. Kwa bando la simu hiyo ni kilio.

Ila mimi naona kesi imeshakwisha kwenye ile sauti inayoruka. Umebonyeza mara sita, runinga imezipokea amri zote sita, lakini ilikuwa imeelemewa. Ilipopata nafasi ikazitekeleza kwa mkupuo. Huo si ugonjwa wa intaneti, ni ugonjwa wa ubongo.

Na ubongo wa runinga ni vitu vitatu: prosesa, ramu (si ile ya chupa) na hifadhi. Wewe unapika, utanielewa haraka. Hifadhi ni kabati la jikoni, ramu ni meza ya kukatia, prosesa ni mikono yako. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kukata kitunguu lazima kwanza uondoe unga. Ukirudi kwenye unga, uondoe kitunguu. Mikono hata iwe myepesi vipi, utachelewa. Runinga nyingi za bei ya chini zina ramu ya GB 1 na hifadhi ya GB 8, na karibu nusu ya kabati hilo mfumo wenyewe (programu kuu inayoiendesha runinga) umeshalikalia kabla hujaweka programu hata moja. Programu nazo kila mwaka zinanenepa, meza inabaki ileile. Ndiyo maana ukaniambia mwanzoni ilikuwa sawa. Hukudanganyika, ilikuwa sawa kweli.

Mdogo wako mwambie namsalimia, ila hapo kakosea. Inchi ni kioo. Katika toleo moja la kampuni moja, ya 43 na ya 55 mara nyingi zina ubongo uleule. Kwa laki tisa mimi ningechukua 43 ya daraja la juu kidogo kuliko 55 ya daraja la chini kabisa. Muuzaji hatakuambia hivyo, maana inchi zinaonekana kwa macho na ramu haionekani.

Nami sisemi kwa ujanja. Miaka michache nyuma nilijinunulia runinga kwa sababu ya bei, mimi fundi mzima, boksi limepambwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nyumbani nikaifungua mgongo (mazoea mabaya), nikasoma namba ya kioo: nukta 1366 kwa 768, yaani hata HD kamili (1920 kwa 1080) haikufika, sembuse 4K. Nikarudi kulisoma boksi vizuri. Chini ya ile 4K kulikuwa na neno dogo la Kiingereza lenye maana kwamba inaweza kupokea video za 4K. Kupokea, si kuonyesha. Mke wangu bado ananikumbusha.

Sasa dukani. Usiridhike na ile video ya maua na samaki wanaoogelea. Hiyo inacheza kutoka kwenye flashi na haipimi chochote. Mwambie kijana wa duka achomoe waya ukutani, si kuzima kwa rimoti, kisha achomeke. Hesabu hadi menyu itokee na ikubali kutembea. Washa hotspoti ya simu yako, fungua YouTube, anzisha video, rudi mwanzo, fungua programu nyingine, kisha rudi YouTube. Ukiikuta pale ulipoiacha, meza ni kubwa. Ikianza upya kama haijawahi kukuona, meza ni ndogo. Halafu bonyeza mshale wa chini haraka mara tano na uache. Kialama kinachotembea kwenye menyu kisimame pamoja na kidole chako. Kikiendelea kushuka chenyewe baada ya wewe kuacha, rudisha rimoti, aga kwa heshima, nenda duka la pili. Jambo moja tu la haki: runinga iliyotoka kwenye boksi na kuunganishwa intaneti kwa mara ya kwanza inakuwa na shughuli ya kupakua masasisho (matoleo mapya ya mfumo na programu), kwa hiyo ipe kama robo saa kabla hujaihukumu.

Ukiulizwa unataka mfumo gani, hali ndiyo hii. Samsung wanatumia Tizen na LG wanatumia webOS, ambayo kwa kweli ilizaliwa kwenye simu za Palm mwaka 2009 kabla LG hawajainunua na kuiweka kwenye runinga mwaka 2014. Mifumo hiyo miwili nimeiona ikitembea vizuri hata bila ramu kubwa, kwa sababu mwenye mfumo ndiye mwenye runinga. Hisense nyingi zina VIDAA, nyepesi sana, ila duka lake la programu ni dogo; hakikisha unachotazama kimo kabla ya kulipa. Google TV, ambayo ni Android yenye idhini ya Google, ndiyo yenye programu nyingi kuliko zote na ndiyo yenye njaa kuliko zote. Hiyo usiichukue chini ya ramu ya GB 2, labda uwe na subira ya Ayubu.

Kisha kuna Android ya kienyeji, ile isiyo na idhini ya Google wala Netflix, na nahofia yako ni ya ukoo huo. Utaitambua: duka lake la programu lina jina usilolijua, na Netflix ikifunguka ni ile ya simu, picha ina ukungu hata bando liwe nono. Netflix hawatoi picha safi kwa kifaa wasichokithibitisha. Hilo hata mimi siwezi kulitengeneza kwa bisibisi.

Uliza pia itapewa masasisho kwa muda gani. LG walitangaza miaka 5 na Samsung miaka 7 kwa baadhi ya modeli zao za miaka ya karibuni. Si pambo hilo. Desemba 2019 Netflix waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011. Kioo kilikuwa kizima, ubongo umezeeka.

Na hapo mama ndipo ningependa tusimame kidogo. Kioo chako kizima? Hakina mistari, hakina kivuli pembeni? Kama kizima, sioni kwa nini laki tisa zitoke. Nunua ubongo peke yake: stiki au kisanduku cha kuchomeka kwenye HDMI (tundu la runinga la kupokelea picha na sauti), chenye idhini ya Google, ramu GB 2 kwenda juu. Kile cha Google cha mwaka 2024 kina ramu GB 4 na hifadhi GB 32, runinga nyingi za bei kubwa hazikifikii. Kikizeeka unakibadilisha chenyewe, runinga inabaki ukutani. Nikikuta kioo kizuri naiacha menyu ya ndani ilale, nafanya kazi na cha nje.

Kwa leo usiku, wakati unafikiria: futa programu ambazo watoto wameziacha, chomoa waya ukutani, hesabu dakika mbili, washa tena. Kuzima kwa rimoti ni kuisinzisha tu, inaweza kukaa miezi haijaamka upya. Wale wanaokatikiwa umeme kila siku TANESCO inawafanyia kazi hiyo bure.

SWALI: Fundi habari. Nipo chuo, Mbeya. Nimechomeka stiki kwenye runinga ya zamani ya inchi 32, inafanya kazi ila kila baada ya muda inajizima na kuwaka upya. Nimeuziwa mbovu?

JIBU: Salama kijana. Nakisia umeme wake unautoa kwenye tundu la USB la hiyo hiyo runinga. Matundu ya runinga za zamani mengi yanatoa nusu ampea, stiki ikianza kazi nzito inakosa pumzi. Tumia chaja iliyokuja nayo, uichomeke ukutani. Ikiendelea, hapo ndipo uirudishe, na risiti mkononi.

SWALI: Shikamoo. Kuna kitu kwenye mipangilio kinafanya runinga iwake haraka. Mwanangu amekiwasha. Kinakula LUKU?

JIBU: Marahaba. Kinakula, si sana, kwa sababu runinga haizimiki kabisa, inafumba macho tu. Mimi nimekizima. Nilianza ufundi hapa Tanga wakati Bara hatuna kituo hata kimoja, tukinasa Zanzibar kwa antena ya mlingoti, na tukiwasha tunakaa kimya mpaka kioo kipate moto ndipo sura zitokee. Nusu dakika ya kusubiri hainidhuru. Mwanao atakuwa na maoni yake.