Maswali yenu kuhusu kuabudu Ekaristi: usingizi, magoti, na jirani anayeuliza

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Tangu niseme hapa kwamba Alhamisi mchana huwa niko zamu ya kuabudu Ekaristi, au adoresheni kama vijana wanavyoita, yaani kukaa kusali mbele ya mkate wa Misa ambao sisi Wakatoliki tunaamini umegeuka Yesu mwenyewe, simu yangu haijapoa. Mimi si padri wala sista, ni mlei tu mwenye kibanda cha kushona na magoti mabovu, kwa hivyo la sheria ntakwambia Kanisa linasemaje na la moyo ntakwambia nilivyoona mwenyewe.

Nafanya kazi ya usiku bandarini. Alhamisi nikiingia kanisani, dakika kumi tu nishasinzia, mara ingine nakoroma kabisa. Kuna mama ameniambia ni kumdharau Yesu. Niache kuja? (Kijana wa Likoni)

Usiache mwanangu. Umekesha usiku kucha, umengoja feri, umetembea na jua la kaskazi, alafu umeingia mahali kuna panka na kimya, sasa ulitaka mwili ufanyeje? Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yule mtawa wa Lisieux ambaye Kanisa lilimpa cheo cha Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997, alikuwa anasinzia kwenye sala na ameandika mwenyewe bila kuficha, akasema wazazi wanampenda mtoto akiwa amelala sawa na akiwa macho. Na wale mitume watatu pale Gethsemane si walilala? Yesu aliwaamsha akawauliza kwani hata saa moja imewashinda kukesha naye, lakini hakuwafukuza, alienda kusali akarudi akawakuta wamelala tena. Hiyo saa moja ndio baadaye ikatoa ibada ya Saa Takatifu, iliyoenezwa na Mtakatifu Margareta Maria Alacoque kule Ufaransa karne ya 17, yeye alikuwa anaamka usiku wa Alhamisi saa tano anakaa mpaka saa sita.

Cha kufanya, usipige magoti saa nzima kama unajiadhibu. Kaa, ukisikia kichwa kinaanguka simama, tembea nyuma ya kanisa kidogo, urudi. Na kama nguvu yako ni dakika ishirini njoo na hizo ishirini. Kukoroma nako, basi kaa karibu na dirisha, kelele za tuktuk zitakusitiri. Huyo mama mwambie nimemsalimia.

Mbele ya Sakramenti iliyowekwa wazi tunapiga goti moja au mawili? Parokiani kwetu kila mtu ana lake. (Mama wa Mikindani)

Moja. Zamani ilikuwa mawili pamoja na kuinama, na wazee waliofundishwa hivyo hawajakosea ni vile walilelewa, lakini utaratibu wa ibada uliotoka Roma mwaka 1973 unasema goti moja tu, iwe Ekaristi iko ndani ya tabernakulo, lile sanduku la kuihifadhia, au imewekwa wazi kwenye monstransi, kile chombo cha kuionyeshea juu ya altare. Anayepiga mawili muache apige. Goti likikataa, kama langu, inamisha kichwa na mgongo kwa heshima, na usiinuke kwa kushika bega la jirani bila kumwambia, nishaangushwa mimi.

Saa nzima nafanya nini? Nikimaliza rozari na litania bado dakika arobaini, naanza kuangalia saa, naanza kuhesabu mapambo ya altare. (Nimechoka kujifanya, Changamwe)

Hili ndio swali nililokuwa nalingoja, maana karibu kila mtu analo na hakuna anayelisema.

Shida ni tunaingia kama tumeitwa interview. Tunadhani tukinyamaza Yesu ataona hatuna la maana, basi tunajaza, rozari juu ya litania juu ya novena juu ya nyimbo, mwishowe umetoka umechoka na hujakutana na mtu. Sasa fikiria baraza za kwetu. Mzee anatoka alasiri, anakaa barazani na rafiki yake wa miaka arobaini, kahawa ipo, kashata ipo, wanaweza kukaa nusu saa hakuna aliyetamka neno, na hutasikia mmoja akisema leo hatukufanya kitu. Kuabudu kuko hivyo. Kuna yule mkulima wa Ars, padri wake Mtakatifu Yohane Maria Vianney alimuuliza unafanyaga nini masaa yote hayo mbele ya tabernakulo, akajibu namtazama naye ananitazama. Hilo jibu limeingia mpaka kwenye Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2715, jibu la mkulima.

Lakini najua ukiambiwa kaa tu utaniuliza kukaa vipi, kwa hivyo nakupa ninavyofanya mimi sio sheria. Nikifika dakika za kwanza sisali chochote, naacha jasho likauke. Alafu namwambia nilivyo kweli, kama nimetoka kugombana na mteja kuhusu gauni nasema nimegombana na bado nina hasira. Kisha nasoma kipande kidogo cha Injili, mistari mitano sita, ile ya Jumapili inayokuja inafaa, narudia neno moja lililonishika. Baada ya hapo ndio kimya, na kimya changu hakikai, akili inakimbia sokoni Kongowea inarudi, inaenda kwa fee za watoto inarudi, kila ikirudi namtaja Yesu jina tu naendelea. Mwisho nawaombea watu kwa majina, nina kikaratasi. Ukihesabu mapambo ya altare mara moja moja, haya, hesabu, ila urudi.

Na rozari sijasema uache. Kuna watu wamezoea kukataza eti rozari ni ya Mama Maria haifai mbele ya Sakramenti. Si kweli, Roma imeshasema inafaa, waraka wa Redemptionis Sacramentum wa mwaka 2004 unaigusa, cha msingi tafakari yake imwelekee Kristo na ibaki nafasi ya kimya. Tatizo letu Mombasa sio rozari, tatizo ni kipaza sauti. Hivi kwa nini kuabudu kunahitaji mtu mmoja ashike maiki kuanzia mwanzo mpaka mwisho?

Padri wetu akienda makanisa ya nje huko bara Alhamisi, katekista anaweza kuiweka Sakramenti wazi? Na anaweza kutubariki nayo? (Mwenyekiti wa jumuiya, Miritini)

Makanisa ya nje, yale madogo yaliyo chini ya parokia, ndugu zetu wa Tanzania wanayaita vigango, huku Pwani ukisema hivyo Mgiriama atadhani unazungumzia vile vibao vya kuchonga vya kumbukumbu ya wazee wao. Turudi.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 943, inasema mwenye kuweka wazi na kubariki ni padri au shemasi. Hali ikilazimu, akolithi, yaani msaidizi wa altareni aliyewekwa rasmi, au mhudumu wa komunyo au mtu mwingine aliyeteuliwa na askofu anaweza kuiweka wazi na kuirudisha tabernakulo, lakini baraka hatoi. Kwa hivyo katekista sio kwa kujiteua wala kwa kuteuliwa na jumuiya, muulize padri kama ruhusa ipo. Na padri akiwepo, msimwambie aitoe dakika mbili tu abariki watu waende, kuiweka wazi kwa ajili ya baraka peke yake imekatazwa, lazima pawe na muda wa neno, nyimbo, sala na kimya kabla.

Kubwa zaidi, isiachwe peke yake hata kidogo. Hapa naungama. Mwaka mmoja nilikuwa na zamu saa nane mpaka saa tisa mchana, mwenzangu wa saa tisa akaandika kwenye grupu la WhatsApp "niko karibu", mimi nikachukua mkoba nikatoka manake kuna mteja alikuwa ananingoja. Karibu yenyewe ilikuwa Likoni ng'ambo, feri imejaa. Mfagiaji ndiye alikuta mishumaa sita inawaka, monstransi juu ya altare na mabenchi matupu. Akakaa chini na ufagio wake mpaka mwenzangu akaja, karibu dakika arobaini, na hakumsema mtu. Tangu siku hiyo zamu zetu zina watu wawili wawili na hakuna kutoka mpaka uone mtu kwa macho, "niko karibu" haihesabiki.

Jirani yangu Mwislamu tunapendana, Ramadhani hunipa futari. Juzi ameniuliza bila ubaya, kwani nyinyi mnasujudia mkate? Nilibabaika. (Dada wa Majengo)

Usibabaike, ameuliza vizuri. Mwambie ukweli, kwamba ungekuwa mkate yeye angekuwa na haki ya kushangaa, maana kuabudu kitu kilichoumbwa hata kwetu ni dhambi. Sisi tunaamini kwenye Misa, padri akitamka maneno aliyosema Yesu usiku wa Alhamisi Kuu, kinachobaki ni sura ya mkate, rangi yake, ladha yake, uzito wake, lakini dhati yake, yaani kile kilicho hasa, si mkate tena, ni Kristo mwenyewe. Neno dhati atalielewa haraka kuliko wengi wetu tuliosoma katekesi. Ndivyo Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyofundisha mwaka 1551, na hata kabla yake Papa Urbano wa Nne alishaweka sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa lote mwaka 1264.

Hatakubali, usitegemee akubali, hakuuliza ili abadilike. Ila atajua hamchezi. Huwa inatokea sisi tuko kimya kabisa na adhana ya alasiri inaingia kwa madirisha, kuna wenzangu wanakunja uso, mi naona ni sawa, mtaa mzima umesimama kidogo kwa ajili ya Mungu saa hiyo hiyo.

Ni kweli nikiabudu nusu saa napata rehema kamili? (Mikindani tena)

Kweli, rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya dhambi ambazo zimeshasamehewa, inapatikana kwa nusu saa au zaidi, pamoja na masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikilia dhambi yoyote hata ndogo. Hilo la mwisho ndio kazi.

Nafanya kazi town, siku za kuabudu sipati nafasi. Nikipita tu Holy Ghost pale Nkrumah Road jioni nikakaa mbele ya tabernakulo inahesabika? (Karani)

Inahesabika sana. Taa ya tabernakulo ikiwaka Yeye yupo, ni yule yule, tofauti ni kwamba humuoni. Hata hiyo rehema ya nusu saa hapo juu haidai monstransi. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyekufa mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na akatangazwa mtakatifu Septemba 2025, alikuwa na kawaida ya kukaa mbele ya tabernakulo kabla au baada ya Misa, na huyo alikuwa mtoto wa kompyuta na gemu.

Nina mtoto wa miaka mitatu na sina wa kumwachia. Nije naye? (Mama Bamburi)

Njoo naye. Muonyeshe, mwambie Yesu yuko pale, ampungie mkono akitaka, mkae dakika kumi. Simu usimpe hata kama ni katuni za Biblia. Akilia toka naye nje mpaka kivulini, akinyamaza rudi. Na kuna mzee mmoja benchi la pili atageuka kukutazama vibaya, Alhamisi ntakaa mimi karibu naye.