Jibu: 390,000 kwa mwezi au malipo kwa kila mota?

Mkuu, umeuliza uchukue lipi kwenye karakana ya kusuka mota (kufunga upya waya wa shaba ndani yake) hapo Iyunga, Mbeya: laki tatu na tisini kwa mwezi, au ulipwe kwa kila mota unayotoa. Kabla ya kuchagua, jua saa yako moja ni shilingi ngapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka wiki isiyozidi saa 45. Mshahara wa mwezi unaugawa kwa 4.333, kisha kwa 45. Ni kama kugawa kwa 195. Yako ni 2,000 kwa saa. Ovataimu ni moja na nusu, 3,000. Siku ya mapumziko au sikukuu, 4,000. Saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi inaongezeka asilimia 5, na ovataimu ikiangukia usiku asilimia hiyo inapigwa juu ya 3,000, inakuwa 3,150. Angalia wasigawe kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8: saa inashuka hadi 1,625, na ovataimu ya saa 20 inakupunguzia 11,250 bila kelele.

Makato: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 39,000. Kwenye 351,000 inayobaki, 270,000 haiguswi na PAYE, kodi ya mshahara; 81,000 inakatwa asilimia 8, sawa na 6,480. Mkononi 344,520. Mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye slipu yako, hoji.

Usijipime kwa kima cha chini. Viwandani kilikuwa 115,000 mwaka 2013, kikafika 150,000 Januari 2023, na fundi anayejua kuunganisha koili, vile vizingo vya waya ndani ya mota, hajawahi kuwa wa bei hiyo. Ile 358,322 iliyotangazwa kwa 2026 ni wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi yote, usiende nayo mezani kama kima cha kiwanda.

Sasa malipo kwa mota. Msimu wa mavuno, mota za mashine za kusaga na kukoboa kutoka Mbozi na Mbarali zinapanga foleni, masika unakaa bila kazi. Kisheria anayelipwa kwa kazi anahesabiwa mshahara wa wiki kwa wastani wa wiki 13 zilizopita, na huo ndio unaotumika kwenye likizo na kiinua mgongo. Likizo ukiichukua mwisho wa masika, wastani uko chini. Kwa hiyo tunza daftari lako: tarehe, HP (nguvu ya mota), idadi ya sloti (mifereji inayokaa koili), malipo. La bosi halikutoshi.

Ugomvi mkubwa ni mota inayorudi imeungua. Wengi wanataka fundi aisuke tena bure, na bei ya waya wa shaba akatwe yeye. Andikisheni kwenye mkataba kwamba chanzo kinakaguliwa kwanza. Fungua kifuniko utazame vichwa vya koili. Kwenye mota ya fezi tatu (njia tatu za umeme) iliyounganishwa kwa nyota, makundi ya fezi mbili yakiwa meusi na la tatu linang'aa, fezi moja ilikatika huko mashineni. Kwenye iliyounganishwa kwa delta, yaani pembetatu, linaungua kundi moja, mawili yanabaki mazima. Hilo si kosa la usukaji. Ila koili moja ikiwa imetoboka pembeni ya sloti, karatasi ya kuhami ilikaa vibaya au waya ulikwaruzwa ukiingizwa, na hapo beba mzigo wako. Piga picha kabla hujakata koili hata moja.