Swift Sport: ekzosi kwanza au breki?
Mkuu umeuliza Suzuki Swift Sport yako ya 2012 uanze na ekzosi au ea klina ya wazi, mi nasema anza na breki na matairi. Ile injini ya lita 1.6 haina tabo (turbo) ya kusukumia hewa ndani na huku Mbeya tuko karibu mita 1,700 hewa nyepesi, utapata mlio tu nguvu huioni. Ila shuka mteremko wa Kitonga nyuma ya semi uone pedali inavyozama mguuni, oili ya breki ya zamani imeshanyonya maji so ikipata moto inachemka. Mwaga yote weka oili mpya ya breki ya DOT 4 na pedi nzuri za mbele. Matairi ya mtumba achana nayo kabisa kaka, soma namba 4 za ubavuni, wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Shokapu baadae.