Maswali ya Wasomaji: Beji, Nambari na Ukoo wa Hospitali za Jeshi la Akiba

SWALI (muuza mitumba, Kongowea): Ndani ya robota la makoti kutoka Marekani nimekuta mawili ya kijeshi. Begani yana kiraka cha rangi ya damu ya mzee na nyeupe, na nyoka aliyejiviringisha kwenye fimbo. Mteja anasema ni makoti ya daktari wa jeshi. Ni kweli? Na nitajuaje ni ya miaka ipi?

JIBU: Damu ya mzee na nyeupe ndizo rangi za idara ya tiba ya jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa hiyo mteja wako hakupotea mbali. Ila kiraka cha begani hakisemi kazi ya mtu, kinasema yuko chini ya kamandi gani. Dereva, mpishi na karani wa kamandi hiyo huvaa kiraka kile kile anachovaa daktari. Kazi husomwa kolani, kwenye sare ya heshima. Hapo maafisa huvaa fimbo ya dhahabu yenye nyoka wawili na mabawa, alama iliyoanza kuvaliwa kolani mwaka 1902. Ikiwa tupu ni ya daktari. Ikiwa na herufi nyeusi N ni ya muuguzi, D ya daktari wa meno, V ya daktari wa mifugo.

Usikatae beji kwa sababu ya idadi ya nyoka. Nyoka wawili na mabawa ni fimbo ya Hermes, mjumbe wa miungu ya Wagiriki, na nyoka mmoja ni fimbo ya Asclepius, mungu wao wa tiba. Wamarekani wanatumia zote mbili, na zote ni halali.

Kuhusu umri, anza na pindo la kiraka. Viraka vya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 huwa vimekatwa ukingoni na uzi wake umelala bapa. Vya baadaye vina pindo nene lililozungushiwa uzi. Kiraka cha kijani na nyeusi tupu kilishonwa kwenye sare za kazi, cha rangi kamili kwenye sare za heshima. Chenye velkro nyuma hakikuvaliwa kwenye sare za kazi kabla ya 2004, sare mpya zilipotangazwa. Koti likiwa na viraka viwili tofauti, usidhani fundi alichanganya: bega la kushoto ni la kikosi alichomo sasa, la kulia ni la kikosi alichotumika nacho vitani.

Na tafadhali, koti la madoadoa usilitundike kibandani. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo, na askari akimkamata mteja wako barabarani hatauliza ilishonwa nchi gani. Fumua kiraka kwa wembe upande wa ndani, ukikata mishono na si kitambaa, ukiuze peke yake.

SWALI (mama wa Tudor): Mpwa wangu ni muuguzi Marekani na ameingia jeshi la akiba. Ananiambia yuko kwenye hospitali ya vitanda 32. Hospitali gani hiyo, na je, ataacha kazi yake?

JIBU: Haachi kazi. Mtu wa akiba kwa kawaida hujitokeza wikendi moja kila mwezi na wiki mbili kwa mwaka, na siku nyingine anaendelea na hospitali yake ya kiraia. Akiitwa kwa amri ndipo mambo hubadilika.

Vitanda 32 ni kiini tu. Mpango wa zamani ulikuwa hospitali moja kubwa ya vitanda 248, nzito kuihamisha. Siku hizi hospitali ya uwanjani yenye vitanda 32 inaweza kusimama peke yake, na inapohitajika huongezewa vikosi vidogo: cha upasuaji chenye vitanda 24, cha tiba chenye 32, na cha wodi ya wanaopata nafuu chenye 60. Juu yake kuna makao ya hospitali yanayoweza kusimamia hospitali mbili za aina hiyo. Ukijumlisha 32 mara mbili, 24, 32 na wodi mbili za 60, unapata 240. Mbele yake zaidi, karibu na mapigano, hukaa timu ya upasuaji ya watu 20 inayoweza kugawanywa nusu kwa nusu. Nyuma kabisa ni hospitali za kudumu, kama ile ya Landstuhl nchini Ujerumani.

Ubaya wa mgawanyo huu ni kwamba vikosi vya nyongeza huwa na makamanda wao na mara nyingi hufanyia mazoezi miji mingine, na watu huweza kukutana mara ya kwanza siku ya safari. Vifaa navyo: seti kamili za hospitali za akiba hutunzwa bohari, kwa mfano ile ya Sierra huko California, na kikosi hufanya mazoezi kwa sehemu tu. Muuguzi asiyewahi kufunga hema zima na kuliunganisha na jenereta atajifunza hayo mahali pabaya. Halafu madaktari wa akiba hupelekwa uwanjani kwa siku 90 ili kliniki zao za nyumbani zisife. Ni utaratibu wa haki, lakini unaleta makabidhiano kila baada ya miezi mitatu, na wanaobaki kushika uzi ni wauguzi kama mpwa wako. Mwambie aandike maelezo ya wagonjwa kana kwamba daktari anaondoka kesho.

SWALI (mwalimu wa historia, Mji wa Kale): Nimesoma kwamba hospitali fulani ya akiba ilianza 1917, kisha haionekani popote kwa miaka mingi, kisha inarudi na jina jingine. Huu si uzushi wa kujipa uzee?

JIBU: Si uzushi, mradi karatasi ipo. Kikosi cha Marekani kina kitu kinachoitwa cheti cha ukoo na heshima, kinachotolewa na kituo cha historia ya jeshi huko Washington. Kisome kwa vitenzi vyake, kwani kila kimoja kina uzito wake. Kikosi kikiandikwa daftarini kimepata jina tu, hakina mtu wala hema. Kikiamshwa kimepewa watu na vifaa. Kikilazwa, watu wametawanywa lakini jina, beji na heshima zinahifadhiwa, na kinaweza kuamshwa hata baada ya miaka 30. Kikivunjwa kimefutwa daftarini, na kukirejesha kunahitaji amri mpya. Kikiunganishwa na kingine, historia mbili zinakuwa moja na heshima za pande zote mbili zinahesabiwa. Ni kama ukoo wa Kiswahili: nyumba inaweza kufungwa miaka, na jina la mlango likabaki.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuhesabu miaka tangu kuandikwa hadi leo na kuiita miaka ya huduma. Kati ya vita viwili vya dunia hospitali nyingi za akiba zilikuwa na orodha ya maafisa tu.

Kosa la pili ni kufuata nambari. Chukua hospitali ya Johns Hopkins ya Baltimore. Vita vya Kwanza ilitoa hospitali ya kambi namba 18, iliyokwenda Ufaransa. Vita vya Pili madaktari wake waligawanywa kwenye hospitali kuu mbili, ya 18 iliyokaa Fiji na ya 118 iliyokaa Sydney. Nambari inakushawishi useme mrithi ni ya 18, ilhali watu walitoka nyumba moja. Mrithi kisheria ni yule aliyetajwa kwenye cheti, na kufanana kwa nambari au chuo si ushahidi.

Jina la jeshi lenyewe nalo hubadilika ndani ya cheti. Ukiona Akiba Iliyopangwa ni kabla ya 1948. Kikosi cha Akiba Iliyopangwa ni 1948 hadi 1952. Jeshi la Akiba ni kuanzia 1952. Na shina la yote ni matabibu: tarehe 23 Aprili 1908 bunge la Marekani liliruhusu kuandikwa madaktari wa akiba, na jeshi zima la akiba linaihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwake. Mwezi huo huo Waingereza nao walianzisha jeshi lao la akiba la majimbo, lenye hospitali zake.

SWALI (Changamwe): Msalaba mwekundu mkononi ni cheo?

JIBU: Hapana, ni ulinzi. Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka kitambaa chenye msalaba au hilali nyekundu kivaliwe mkono wa kushoto, kikiwa na muhuri wa jeshi. Bila muhuri ni kitambaa tu.

SWALI (Likoni): Babu alitumika jeshi la Mwingereza upande wa tiba. Ameacha beji ya shaba yenye nyoka, shada la majani na taji. Nitaijuaje umri, na niisafishe vipi?

JIBU: Hiyo yaelekea ni ya kikosi cha tiba cha kifalme, kilichoundwa 1898 na kuunganishwa na wauguzi na madaktari wa meno tarehe 15 Novemba 2024. Tazama taji. Matao ya juu yakiwa yamepanda mviringo ni taji la wafalme, 1901 hadi 1952. Yakiwa yamebonyea katikati, chini ya msalaba mdogo, ni zama za Malkia Elizabeth wa Pili. Herufi T peke yake juu ya jina la kikosi, kwenye shaba ya begani, ni alama ya mtu wa akiba. Kisha igeuze: beji halisi ya aina hii iligongwa kwa muhuri, hivyo nyuma utaona mchoro uliobonyea kinyume. Nyuma ikiwa bapa yenye vishimo kama vya chokaa, imemiminwa, na huenda ni nakala.

Usiisugue kwa ndimu na majivu wala kwa dawa ya shaba. Kila msuguo unakula magamba ya nyoka, na mnunuzi au jumba la makumbusho huangalia hapo kwanza. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini, kausha papo hapo. Kwa chumvi ya hewa ya Likoni, ihifadhi ndani ya karatasi kavu, si ya nailoni.

Waafrika wa hapa waliotumika upande wa tiba katika Vita vya Pili waliandikishwa zaidi kwenye kikosi cha Afrika Mashariki, hata kama waliwahi kupewa beji ya Waingereza. Basi ukitafuta jina la mwenzake aliyekufa kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, andika kikosi kwa jina lake kamili, East African Army Medical Corps, na ujaribu tahajia mbili tatu za jina la mtu, kwani makarani waliandika walivyosikia.